Vina Bila Mizani: Hoja Dhidi ya Ramani za Upinde wa Mvua

Mtunzi mwenye vina vitamu asiyejua mizani hafiki mbali katika baraza za watu wa pwani. Ataghani, na sauti yake huenda ikapendeza, lakini kabla hajafika kwenye kituo mzee mmoja atakuwa amekwisha kuhesabu kwa vidole na kutamka hukumu: mshororo wa pili umezidi, wa tatu umepwaya, na shairi hili ni guni. Hatumfukuzi mtunzi huyo. Twamrudisha akajifunze.

Lipo hata hivyo guni la aina nyingine ambalo halina mzee wa kulihesabu. Limebandikwa katika kuta za maofisi, limechapwa katika ripoti zenye jalada la kung'aa, na huoneshwa ukutani katika warsha na semina huku wajumbe wakiitikia kwa vichwa. Nakusudia zile ramani za takwimu zilizopakwa rangi zote za upinde wa mvua, kuanzia buluu hadi nyekundu, ili kuonesha wapi kuna kingi na wapi kuna kichache: maji, maradhi, mvua, mavuno, watoto walioandikishwa skuli. Nasema kwamba ramani ya namna hiyo ina vina na haina mizani. Nasema pia kwamba guni lake ni baya kuliko guni la mshairi, kwa kuwa la mshairi huudhi sikio tu, ilhali la ramani laweza kumnyima mtu kisima.

Msomaji wa mashairi ataniuliza: jambo hili linatuhusu nini sisi wa visiwani? Linatuhusu kwanza kwa sababu ya neno lenyewe. Kiswahili hakikuona haja ya maneno mawili: mizani ya sokoni inayopima karafuu na mizani ya shairi inayopima silabi ni mizani moja. Ni ahadi kwamba hatua iliyo sawa itapewa kipimo kilicho sawa. Linatuhusu pili kwa sababu ya mahali nitakapopatolea mfano. Masasi na Newala, kusini kabisa mwa Tanzania, si ugenini kwetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule aliyekusanya hadithi za Kiswahili hapa Unguja, aliongoza msafara wa watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar hadi Masasi, wakaanzisha maskani chini ya vilima vya mawe. Nao Wamakonde wa uwanda wa juu, ambao Newala imekaa ukingoni mwake ikilitazama bonde la Ruvuma, wamekuja kwa vizazi kufanya kazi katika mashamba ya visiwani, na wengi wamezikwa huku. Khabari zao ni khabari zetu.

Tuanze na jicho, maana hapa ndipo mchoraji wa ramani anapokosea. Rangi moja hubeba mambo mawili makuu. Lina jina lake: buluu, kijani, manjano. Ina pia nuru yake, yaani kiasi ambacho jicho huihesabu kuwa nyeupe au nyeusi. Mambo haya hayaendi pamoja. Katika skrini ya kawaida ya kompyuta, nuru ya rangi nyeupe hugawanyika hivi: takriban sehemu 72 kati ya 100 hutoka kwenye kijani, 21 kwenye nyekundu, na 7 tu kwenye buluu. Buluu iliyokolea, hata ikiwashwa kwa nguvu zake zote, kwa jicho ni karibu na giza. Manjano, ambayo ni kijani na nyekundu zikiwa pamoja, ni jirani wa weupe.

Tena jicho halihesabu nuru kama duka linavyohesabu fedha. Uso unaorudisha takriban asilimia 18 tu ya nuru inayouangukia huonekana kwetu kuwa katikati kabisa ya weusi na weupe. Mchoraji na mwalimu wa Kimarekani, Albert Munsell, alilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1905 alichapisha mpango wake wa rangi uliotenga jina la rangi, nuru yake na ukolevu wake. Mwaka 1976 tume ya kimataifa inayoshughulikia nuru na rangi iliweka kipimo ambacho weusi ni 0 na weupe ni 100, na hatua zake zimekadiriwa zionekane sawa kwa jicho la mwanadamu. Kwa hiyo mizani ipo, na kwa muda mrefu sasa. Asiyeitumia hana udhuru wa kusema haijatengenezwa.

Sasa tuuweke upinde wa mvua juu ya mizani hiyo. Chukua mfano wa kubuni wa kata tano za uwanda wa Makonde. Katika ya kwanza, watu 10 kati ya 100 hupata maji karibu na nyumbani; katika ya pili 30, ya tatu 50, ya nne 70, ya tano 90. Kila hatua ni 20, na takwimu yenyewe ina urari usio na kasoro. Mchoraji anakuja na rangi zake: ya kwanza buluu, ya pili feruzi, ya tatu kijani, ya nne manjano, ya tano nyekundu. Zikiwa rangi safi za skrini, nuru zake ni hizi: buluu 32, feruzi 91, kijani 88, manjano 97, nyekundu 53. Hatua ya kwanza imeruka juu kwa 59. Ya pili imerudi nyuma kwa 3. Ya tatu imesogea mbele kwa 9. Ya nne imeporomoka kwa 44. Mshairi akituletea ubeti wa namna hii tutamwuliza kama alikuwa amelala.

Matokeo yake si ya kinadharia. Baina ya buluu na feruzi jicho huona mpaka mkali, kana kwamba kuna ukuta kati ya kata ya kwanza na ya pili, na ukuta huo haumo katika takwimu. Baina ya feruzi na kijani tofauti nzima ya watu 20 kati ya 100 hufifia isionekane. Kisha ripoti hufika wilayani, nako hutolewa fotokopi, kwa kuwa wino wa rangi ni ghali. Katika karatasi hiyo kata tatu za kati huwa nyeupe karibu sawasawa, na mbili za pembeni huwa na kiza: ile yenye dhiki kuu na ile yenye neema kuu zimewekwa kundi moja. Diwani aliyekabidhiwa karatasi hiyo atatetea nini mbele ya baraza?

Naajabu kwamba kosa hili lifanywe na watu wanaosema Kiswahili, kwa sababu lugha yetu iliujua ukweli huu kabla ya kompyuta. Tazama maneno yetu ya rangi. Ni matatu tu yaliyo vivumishi kamili, yanayochukua kiambishi cha jina na kutii ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Mengine mengi ni majina ya vitu yaliyoazimwa: kijani kutoka jani, manjano kutoka kiungo cha mchuzi, kijivu kutoka majivu, kahawia kutoka kahawa, zambarau kutoka tunda. Na ni yale matatu tu yaliyopewa neno la kuyatilia mkazo: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu ndu. Hakuna aliyewahi kusikia kitu cha kijani kikipewa mkazo wa namna hiyo. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walilinganisha lugha nyingi za dunia wakaona kwamba lugha zenye majina machache ya rangi huanza na giza na mwanga, kisha nyekundu. Lugha hutenga kwanza nuru na kiza. Majina mengine hufuata baadaye kama wageni wa heshima.

Hata vitenzi vyetu hupima nuru na nguvu ya rangi: rangi hukolea, hukoza, hupauka, hufifia. Nahodha anayekaribia Mikindani au Kilwa hahitaji kuambiwa ramani ni nini. Maji yaliyopauka ni fungu la mchanga, maji yaliyokoza ni kina, na baina yake husoma ngazi nzima ya vivuli kwa jicho moja. Bahari ingalipakwa rangi za upinde wa mvua, jahazi ngapi zingalipasuka?

Nenda sasa kwa mchonga vinyago wa Kimakonde. Mpingo una kiini cheusi na gamba lililopauka, na kwa weusi huo mmoja fundi hutoa uso mzima wa binadamu. Huchonga kwa kugawa nuru: paji la uso linang'aa kwa msasa, tundu la jicho linazama kivulini, shavu limekaa katikati. Ukikitazama kinyago hicho wakati wa jioni taa isijawashwa, bado utamtambua mzee, mama au shetani. Mnunuzi wa mjini naye ajua kwamba wako wauzaji wanaochukua mti mweupe wakaupaka kiwi ya viatu ili mgeni adhani ni mpingo. Kwangu mimi ramani ya upinde wa mvua ni kiwi juu ya mti mwepesi. Yavutia kwa mbali, ila ukiikwaruza humkuti umbo.

Wako watakaosema kwamba nalikuza jambo dogo. Nawajibu kwa khabari ya uwanda wenyewe. Juu ya uwanda wa Makonde ardhi ni ya kichanga, mvua huzama, na mito haipiti. Kwa vizazi wanawake waliteremka magenge kwenda kuteka maji mabondeni na kupanda tena na mtungi kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, ulikusudiwa kuyapandisha maji hayo kwa pampu. Maji yakiwa adimu, watu huyaweka majumbani, katika mitungi na mapipa. Na katika maji yaliyowekwa ndimo anamopenda kuzaliana mbu aitwaye Aedes aegypti. Mwaka 1952 na 1953 nchi ya Newala na jirani zake ilipigwa na homa ya kuumiza viungo ambayo waganga hawakuwa na jina lake. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliieleza katika makala za mwaka 1955, na mwaka uliofuata R. W. Ross akaeleza jinsi kirusi chake kilivyopatikana. Jina lililobaki duniani ni la Kimakonde: chikungunya, lenye maana ya kujikunja, kwa namna maumivu yalivyomkunja mgonjwa.

Homa hiyo haikubaki Newala. Mwaka 2004 ilizuka Lamu, na utafiti wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba takriban robo tatu ya wakaazi wa kisiwa hicho waliambukizwa. Mwaka 2005 ikafika Ngazija, kisha Réunion, na tangu hapo imezunguka dunia. Leo ramani zinazochorwa kufuatilia homa hii na nyinginezo za mbu hutumwa kila mahali. Ramani ya maji na ramani ya homa, kwa mtu wa uwandani, ni ramani moja iliyogeuzwa upande. Mchoraji akitia mpaka wa uongo baina ya vijiji viwili, dawa ya mbu itaishia kwenye mpaka huo. Akiificha tofauti iliyopo, kijiji chenye haja kitangoja zamu ya mwisho.

Nizikabili hoja za wapinzani, kwa kuwa si watu wajinga.

Wa kwanza husema: rangi nyingi zapendeza, na sisi ni watu wa rangi. Hutaja kanga zetu. Hutaja Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, jirani wa Masasi, aliyewapaka ndege na wanyama wake kwa rangi za kopo zilizokolea na kuiacha shule nzima ya uchoraji alipofariki mwaka 1972. Kweli tupu. Lakini Tingatinga hakutuambia kwamba chui wa manjano ni mkubwa kwa hatua 20 kuliko ndege wa kijani. Alitupa rangi kama rangi. Tena nani kasema kwamba mizani huua uzuri? Mwaka 2015 Stéfan van der Walt, mwanasayansi kutoka Afrika Kusini, pamoja na Nathaniel Smith walitoa ngazi ya rangi iitwayo viridis. Huanza na zambarau ya giza, hupita kwenye buluu na kijani, huishia kwenye manjano ya kung'aa, na nuru yake hupanda hatua kwa hatua bila kuruka wala kurudi nyuma. Hapo vina na mizani vimekaa pamoja, kama inavyotakiwa katika shairi lililotimia.

Wa pili husema: programu zetu huja na upinde wa mvua, nasi twautumia kama ulivyo. Udhuru huu umekwisha kuchakaa. Programu ya MATLAB iliuacha upinde wake wa mazoea mwaka 2014. Mchoraramani wa Kimarekani Cynthia Brewer ameweka mkusanyiko wa ngazi za rangi zilizopimwa, na yeyote aweza kuzitumia bila malipo. Mtu anayeendelea na guni baada ya kuoneshwa shairi si mwanafunzi tena, ni mkaidi.

Wa tatu husema: kijani, manjano na nyekundu ni taa za barabarani, kila mtu azielewa. Si kila mtu. Miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya, takriban wanaume 8 kati ya 100 hupata taabu kutenga nyekundu na kijani. Katika Afrika kiwango kilichoonekana ni cha chini zaidi, lakini hakijawa sifuri, na mtu mmoja asiyeona tofauti aweza kuwa ndiye mganga mkuu wa wilaya. Taa za barabarani hujiokoa kwa kuwa nyekundu hukaa juu na kijani chini. Katika ramani hakuna juu wala chini. Anayeipenda nyekundu kwa kuwa yaashiria hatari aitumie: aanze na nyekundu iliyopauka, aikoleze hatua kwa hatua hadi nyekundu ndu, na hata kipofu wa rangi ataisoma.

Wa nne ni wa hapa hapa, katika ukumbi wa washairi. Atasema: Sheikh Amri Abedi alituandikia sheria za kutunga mwaka 1954, kisha Kezilahabi akaja na Kichomi mwaka 1974 akatufundisha kwamba shairi laweza kupumua bila hesabu ya silabi, kwa nini ramani isiwe huru? Hoja hii ni nzuri kuliko zote, na jibu lake ni hili. Mtunzi wa shairi huru hutangaza uhuru wake tangu mstari wa kwanza, na msomaji hamdai mizani. Ramani, kinyume chake, ina ufunguo pembeni, na ufunguo ule ni ahadi iliyoandikwa: 10, 30, 50, 70, 90. Aliyeahidi mizani kisha akaivunja hajatunga shairi huru. Amevunja ahadi.

Sisemi kwamba majina ya rangi hayana kazi. Yana kazi ya kutaja. Ukichora ramani ya lugha za Masasi, ambako Kimakua, Kiyao na Kimakonde vyakaa jirani, tumia rangi tofauti, na uzipe zote nuru moja, ili kabila moja lisionekane limelifunika jingine kwa hila ya brashi. Na ukichora mvua iliyopungua au kuzidi kiasi cha kawaida, tumia rangi mbili zinazokutana kwenye weupe katikati na kukoza sawasawa kila upande. Majina kwa vitu vya majina; nuru kwa vitu vya kiasi.

Limebaki jambo moja ambalo sitaki kulipita kimya. Mwaka 1826 Charles Dupin wa Ufaransa alichora ramani ya nchi yake kuonesha watoto waliokuwa skuli, na palipokuwa na wanafunzi wachache akapatia giza. Ndiyo ramani ya mwanzo ya namna hii ijulikanayo, na tayari ndani yake weusi ulikuwa ni ujinga. Sisi tulioitwa watu wa bara la giza tunazo sababu za kuogopa kipimo cha weupe na weusi. Dawa yake ni kuwa waangalifu na kile tunachokihesabu. Giza katika ramani liwe na maana ya wingi tu, na ufunguo useme wingi wa nini. Newala ikikoza katika ramani ya maji, maandishi yasisomeke kwamba watu wake wako nyuma; yasomeke kwamba hapa deni la maji ni kubwa, na mdaiwa si mwenye mtungi kichwani.

Nawataka basi wanaochora takwimu, walimu wa vyuo, wahariri wa ripoti na wafadhili wanaozilipia, wafanye jambo moja kabla ya kuchapa. Waitoe ramani fotokopi ya nyeusi na nyeupe. Ikiwa kata ya 30 bado yaonekana imekaa baina ya 10 na 50, na ya 90 yaonekana imezidi ya 70, na waichape, wapambe wanavyopenda. Ikiwa hatua zimevurugika, wairudishe ikatungwe upya, kama tunavyowarudisha watunzi wetu wenye vina vitamu. Nasi wasomaji tuliozoea kuhesabu silabi kwa vidole, tunapooneshwa ramani inayong'ara kama kanga mpya, tusitikise kichwa kwanza. Tuhesabu.